AMPLIFAYA SITA ZA RUNAZI
(Historia fupi ya sauti kubwa)

Ndugu msomaji, historia tuliyosomeshwa darasani ilijaa watemi, wakoloni, vita na mikataba. Si vibaya. Lakini leo nataka kukusimulia historia ya chombo kimoja ambacho mwalimu wangu hakukigusa hata siku moja, ilhali kimetikisa kuta za udongo na za matofali, kimechezesha maharusi, kimesindikiza marehemu, kimeita watu mikutanoni na, ole wetu, kiliwahi kuwaita watu kwenye mauaji. Chombo chenyewe ni amplifaya.

Ninazo sita. Zimepangwa chumbani kwangu hapa Runazi, wilaya ya Biharamulo, juu ya mbao mbili zilizolazwa kwenye matofali. Vijana wenzangu wanakusanya jezi za timu za Ulaya. Mimi nakusanya amplifaya. Mama husema zinakula nafasi ya kitanda, na kusema kweli zinakula. Lakini kila moja ina kisa chake, na visa hivyo ukiviunga pamoja unapata historia ya nchi hii kwa upande usiozoeleka: nani alisikika, nani alikuwa na umeme wa kumfanya asikike, na je, aliyesikika sana ndiye aliyesema kweli?

Nimeamua kuandika sasa kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani yao. Ndani ya amplifaya ya zamani mna transfoma, na ndani ya transfoma mna waya wa shaba, na shaba hupimwa kwa kilo. Chombo kilichohutubia kijiji miaka ishirini huvunjwa kwa nyundo ndani ya dakika tano. Shaba inaingia gunia, historia inaingia jalala. Mimi kilo hizo nimezinunua kabla yao, kila nilipopata vijisenti.

Tuelewane kwanza jambo moja. Amplifaya haitengenezi nguvu. Inachukua nguvu ya betri au ya umeme wa nyumba na kuilazimisha ifuate umbo la sauti ndogo iliyoingia. Ni kama bomba la maji: kidole cha mtoto kinazungusha kichwa cha bomba, maji mengi yanatoka. Kidole ndiyo sauti, maji ndiyo umeme. Kwa hiyo pasipo na maji, bomba ni pambo tu. Ndiyo maana kwa watu wa huku, historia ya amplifaya na historia ya umeme ni mapacha.

*Valvu na sufuria*

Ya kwanza katika mkusanyiko wangu haisemi. Ni redio ya valvu ya sanduku la mbao, iliyokuwa mali ya mwalimu mmoja mstaafu. Valvu ni kichupa cha kioo kinachowaka kama taa. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyetengeneza valvu ya namna hiyo mwaka 1906, akaiita Audion, na kwa miaka kama arobaini baada yake kila sauti iliyokuzwa duniani ilipitia kwenye chupa. Ubaya wa chupa ni ulafi. Inataka moto wa kuipasha, kisha inataka volti nyingi juu yake, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto. Ulaya, penye nyaya za umeme, hilo halikuwa neno. Sasa je, kijijini Afrika?

Jibu moja lilitoka Lusaka, wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, mwaka 1949. Mkuu wa habari wa huko, Harry Franklin, alikuwa amezunguka akitafuta kiwanda cha kuunda redio ya bei nafuu kwa Waafrika. Kampuni ya betri ya Ever Ready ikakubali. Redio ikawekwa ndani ya umbo la sufuria la alumini lililopakwa rangi ya buluu, na watu wakaiita kwa jina hilohilo, redio ya sufuria. Ilikuwa na valvu nne, ikauzwa pauni 5, na betri yake kubwa ilidumu kama saa 300. Hesabu mwenyewe: betri moja ilikuwa pauni 1 na shilingi 5, yaani robo ya bei ya redio nzima. Kununua redio ilikuwa rahisi kuliko kuilisha. Neno hilo, mshikaji, lishike, maana litarudi.

Kwetu Tanganyika matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Wakati huo dawa ya ulafi wa valvu ilikwisha patikana: Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, Bardeen na Brattain walifanya transista ya kwanza ikuze sauti. Transista haitaki kupashwa moto, inatosheka na volti chache. Nchi ilipokwisha kupata uhuru, kampuni ya Matsushita ya Japani ikajenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kikawa kinatengeneza betri na redio za National. Ndipo sauti ya Dar ilipoanza kusikika mpaka kwenye migomba ya huku Kagera, kwa betri zinazoshikika mkononi.

*Wenye vyombo*

Ya pili ni Ahuja, amplifaya ya mikutano iliyoundwa India. Nzito kama jiwe la kusagia, inakubali umeme wa nyumba na inakubali betri ya gari ya volti 12. Niliipata kwa majogoo wawili na siku tatu za kupalilia mahindi. Hii ndiyo iliyozoea spika za honi zinazofungwa juu ya mti au juu ya gari, ile sauti ya puani inayotangaza chanjo, mnada na mkutano wa hadhara.

Chombo cha namna hii hakikuwa mali ya mtu wa kawaida. Kilikuwa cha chama, cha kanisa, cha msikiti, cha shule. Hata katika muziki mambo yalikuwa hivyo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932 na Morogoro Jazz mwaka 1944, enzi ambapo tarumbeta na ngoma vilijitosheleza vyenyewe. Gitaa la umeme lilipoingia, bendi isiyo na amplifaya ikawa bendi bubu. Na amplifaya ilikuwa ghali, ikitoka nje kwa fedha za kigeni. Basi bendi nyingi baada ya uhuru zikawa chini ya taasisi: NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964, nyingine chini ya jeshi, polisi, vijana wa chama, mashirika ya umma. Mwanamuziki alikuwa mwajiririwa wa mshahara. Magitaa na amplifaya, yaani "vyombo", vilikuwa vya mwenye bendi. Ukihama, unaondoka na koo lako na vidole vyako tu.

Wenye fedha walilijua hilo vizuri. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park kuingia Orchestra Safari Sound, na mji mzima ukazungumza. Mashabiki walidhani wanabishana juu ya waimbaji. Kumbe nyuma ya waimbaji kulikuwa na swali kavu: nani ana vyombo vya kuwafanya wasikike?

*Miaka ya kufunga mkanda*

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika mkoa wetu huu wa Kagera, upande wa kaskazini ya mto. Vita vikaisha mwaka 1979 kwa ushindi, lakini hazina ilibaki tupu. Wazee wanaikumbuka miaka ile kwa vitu vilivyokosekana: sabuni, chumvi, khanga, na kwa wapenda redio, betri. Betri zilizokufa zilianikwa juani kama mihogo ili zipate uhai wa nusu saa. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, wenye bidhaa za magendo wakazitupa usiku kwa hofu. Mwaka uliofuata, 1984, serikali ikalegeza: mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, haulizwi alikozipata. Mwaka 1986 nchi ikatiliana sahihi na Shirika la Fedha la Kimataifa, na soko likafunguka zaidi.

Amplifaya yangu ya tatu na ya nne ni watoto wa miaka hiyo, mmoja wa shida na mwingine wa soko. Ya tatu haina jina. Ni kazi ya fundi redio, ndani ya bati la mafuta ya kupikia lililonyooshwa, na transista mbili za 2N3055 zilizofungwa kwenye bamba la alumini la sufuria mbovu. Transista hiyo ni ya Marekani, ya tangu miaka ya 1960, na mafundi wa dunia nzima wanaijua kama wapishi wanavyoijua chumvi. Fundi mzee aliyeniuzia aliniambia, "Mwanangu, wakati ule hatukuwa na chaguo, tulikuwa na ubishi." Yaani walibisha kwamba haiwezekani, wakaifanya iwezekane.

Ya nne ni stereo ya Kijapani iliyokuja na soko huria. Ndani yake mna kipande kimoja cheusi cha Sanyo kiitwacho STK, ambacho ndani ya mfuko mmoja kimekusanya sakiti ambayo fundi angeijenga kwa wiki nzima. Hapo ndipo ufundi ulipoanza kuhama kutoka mikono ya mafundi na kuingia kwenye vipande vilivyofungwa visivyofunguliwa.

*Mwaka 1994*

Sasa tusogee mpakani, maana wilaya jirani ya Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na yaliyotokea huko yametugusa wote.

Mwezi Julai 1993 ilianzishwa Kigali stesheni ya redio iitwayo RTLM. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walikuwa wacheshi, vijana wakaipenda. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, redio hiyohiyo ikawa inachochea watu waue. Mtambo wa redio, ndugu msomaji, hatua yake ya mwisho kabla ya mlingoti ni amplifaya. Amplifaya haichagui maneno. Ukiingiza dua inakuza dua, ukiingiza sumu inakuza sumu, kwa uaminifu uleule. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao lakini haikuwaachia.

Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa ishirini na nne hivi. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa mji ghafla. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha hapo Ngara redio iliyoitwa Kwizera, neno ambalo kwa Kirundi na Kinyarwanda lina maana ya kutumaini. Chombo kilekile, kazi nyingine. Wakimbizi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, redio ikabaki, na sisi wa Biharamulo tumekua tukiisikia.

Kila ninapomsikia mtu anasema, "Sikiliza bwana, hiyo mashine inavyogonga!" nakumbuka jambo hilo. Kugonga peke yake si sifa.

*Debe tupu*

Ya tano ni ya miaka ya 1990 na kuendelea, enzi za redio kaseti za plastiki zenye taa za kuwakawaka. Mbele imeandikwa kwa herufi za fedha: PMPO 1000W. Wati elfu moja! Mjomba wangu mmoja aliuza mbuzi kwa ajili ya maandishi hayo.

Hebu tufanye hesabu ya darasa la saba. Nyuma ya redio hiyo pameandikwa volti 12 na ampea 3. Zidisha: 12 mara 3 ni 36. Wati 36 ndizo zinazoingia, na hizo zinagawana taa, mota ya kaseti na joto. Sasa elfu moja zitoke wapi? PMPO ni kipimo kisicho na kanuni. Kila mtengenezaji anaandika namba inayompendeza. Wahenga walikwisha sema kwamba debe tupu haliachi kuvuma, ila hawakujua kwamba siku moja debe lenyewe litaandikwa wati zake.

Siyo mjomba peke yake. Hata leo sabufa zinauzwa kwa namba hizo, na kijana wa Runazi anatoa fedha ya mahindi ya msimu mzima kwa sababu ya kibandiko. Dawa ni hiyo niliyokupa: geuza mashine, soma mgongo wake, zidisha volti kwa ampea. Uso wa mashine unajisifu, mgongo wake hausemi uongo mkubwa hivyo.

*Kuzipima kwa haki*

Ya sita inaenea kiganjani. Ni kibao cha siku hizi cha daraja D, ambacho transista zake hazikai katikati zikiungua bali zinawaka na kuzima mara maelfu mengi kwa sekunde, ndiyo maana sehemu kubwa ya umeme, karibu asilimia tisini, inafika kwenye spika. Kimegharimu chini ya bei ya kuku.

Wenzangu walikuwa wakija chumbani na kuhukumu: hii kali, ile mbovu. Nikagundua wanachagua siku zote ile iliyofunguliwa sauti zaidi. Sikio la binadamu lina udhaifu huo: nyimbo ileile ikipandishwa kidogo tu, hata kama hutambui kwamba imepandishwa, utaiona ni tamu zaidi. Wenye maduka wanalijua hili.

Basi nikaweka utaratibu. Spika ni zilezile, wimbo ni uleule. Kwanza napiga mlio mmoja usiobadilika kutoka kwenye simu, naweka mita kwenye nyaya za spika, naiseti kila amplifaya itoe volti 2 kamili. Kisha nafunika vyote kwa khanga, nahamisha spika kwa swichi ya njia mbili, na msikilizaji anaandika kwenye karatasi. Angalizo kwa watakaojaribu: swichi iwe ya kuhamisha, nyaya za amplifaya mbili zisikutane kamwe, utachoma zote.

Volti 2 kwenye spika ya ohmu 4 ni wati 1. Moja tu! Na kwa wati hiyo moja jirani alikuja kuuliza kuna sherehe gani.

Matokeo? Ahuja walitambua mara moja, kwa sababu iliundwa kwa hotuba, besi haina. Ya plastiki nayo ilijitaja kwa mvumo wake hata kabla ya wimbo. Lakini stereo ya Kijapani, bati la fundi mzee na kibao cha kiganjani, ndugu yangu, washikaji wale waliokuwa wakiapa walianza kuandika kwa kubahatisha. Mwenye maneno mengi kuliko wote alilipa soda.

Wala si sisi wa kwanza. Januari 1987 gazeti la Stereo Review la Marekani liliandika jaribio kama hilo: amplifaya za kuanzia dola mia mbili na kitu hadi jozi ya dola kama 12,000, zote kwa sauti sawa, wasikilizaji wakiwa hawazioni. Walishindwa kuzitofautisha kwa uhakika. Wabishi wapo hadi leo, na wabishe, lakini wabishe wakiwa wamesawazisha sauti.

Tofauti kubwa niliyoiona ilikuwa kwenye betri. Kibao cha daraja D kiliendelea kuimba usiku kucha kwa betri ya sola ambayo bati la fundi liliimaliza mapema. Lile swali la redio ya sufuria limerudi: si bei ya kununua, ni bei ya kulisha. Kwa miaka mingi miji ya Biharamulo na Ngara iliwashiwa taa kwa jenereta za dizeli, mbali na gridi ya taifa. Sasa kuna mradi wa maporomoko ya Rusumo wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ambao mitambo yake ilianza kuzalisha mwaka 2023. Mto uleule waliouvuka wakimbizi, daraja lilelile pembeni. Hata hivyo kaya nyingi za huku bado zinaishi kwa betri na jua, na kwao amplifaya bora ni ile isiyo na ulafi.

*Neno kwa vijana wenzangu*

Ukiniuliza ipi bora kati ya sita, nitakujibu hivi: amplifaya nzuri ni ile isiyoongeza neno lake. Inachukua kidogo ilichopewa, inakikuza, inakifikisha kama kilivyo. Ikianza kuvuma yenyewe, imeharibika. Ukubwa wa sauti ni suala jingine kabisa, na mara nyingi ni suala la nani mwenye vyombo.

Sisi tunaojifunza kuandika tunaishi katika zama za makelele, kila mtu ana kipaza sauti mfukoni. Mwenye kuvuma anadhaniwa ana hoja. Mimi nawaomba mfanye kama nilivyofanya na khanga yangu: sawazisha sauti kwanza, ndipo uhukumu. Chukua neno la mwenye gari la matangazo na neno la bibi anayepukuchua mahindi, uyasikilize kwa wati moja moja, uone lipi lina uzito.

Na pale kijijini kwako, kabla mnunuzi wa vyuma hajafika, muulize mwenye amplifaya ya zamani ilitoka wapi, ililia kwenye harusi ya nani, ilitangaza nini mwaka gani. Andika. Shaba waachie wao ikibidi. Maneno ya mwenye chombo yachukue wewe.